Jini la mita yangu lilikuwa pampu ya darini

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nimjibu msomaji wa Malindi aliyeandika majuzi kwamba mita za stima za tokeni, zile za kulipia kabla ya kutumia, zina jini, na kwamba jini hilo huamka usiku likala yuniti za maskini. Sikucheka nilipoisoma barua yake. Mwaka 2024 mamangu mzazi alifukiza ubani chini ya mita yetu siku tatu mfululizo, nami nilisimama kando nimeshika chetezo. Kwa hivyo simwandikii kwa kumdharau. Namwandikia kwa sababu jini letu hatimaye tulilikamata, na lilikuwa na waya na bomba.

Mimi ni mshona kofia, mwanamke wa miaka 61, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Tumepanga vyumba viwili orofa ya kwanza ya nyumba ya mawe iliyogawanywa kwa wapangaji watatu: mimi, mamangu na mjukuu wangu wa kike juu, chini kuna jamaa mmoja na familia yake, na nyuma kuna vijana wawili wa mashua. Shule niliacha darasa la saba. Hesabu nilifundishwa dukani kwa baba, nyuma ya kaunta, nikiandika nani kachukua sukari na nani kalipa nusu. Tabia ya daftari ikanibakia. Kila nikinunua tokeni huandika tarehe, pesa, yuniti zilizokuja, na mita ilisoma ngapi kabla sijazitia. Mwanangu aliye Mombasa, ambaye ndiye hunitumia hizo tokeni mara nyingi, alikuwa akinitania kwamba nitaacha urithi wa madaftari. Siku hizi hatanii tena.

Basi nisome daftari langu. Hadi Januari 2024, shilingi 500 zilikuwa zikinipa yuniti 24 na pointi, nami nakaa nazo siku 25 au 26. Mwezi mzima tulikuwa tukitumia yuniti 28, mara 27, mara 29. Februari shilingi 500 zikaisha kwa siku 12. Nikasema ni joto la kaskazi, mjukuu analala na feni. Machi ikaingia Ramadhani, nikasema ni Ramadhani, friji inafunguliwa kutwa kutafuta tende na maji baridi. Lakini Machi hiyohiyo likaja jambo la pili. Zilezile shilingi 500 zikaleta yuniti 19 na nusu. Nikampigia mwanangu simu nikamuuliza kama amekata za kwake za chai. Alikasirika, na ana haki. Akanipigia picha ujumbe wote akanitumia: pesa 500, yuniti 19 na nusu, kisha mstari mmoja wa thamani ya tokeni na mstari mwingine umeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni makato mengine. Makato gani, hapo hapasemwi.

Kwa hiyo nilikuwa na mafumbo mawili: yuniti zinaisha mbio, na kila yuniti imekuwa ghali. Niliyaona kama fumbo moja, na hapo ndipo nilipopotea miezi minane. Nadhani ndipo alipo ndugu yetu wa Malindi sasa hivi.

Nianze na hilo la bei, maana ndilo watu hawaambiwi. Stima ya nyumbani haiuzwi kwa bei moja. Kuna ngazi tatu. Wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi wako ngazi ya chini, ile ya watu wa kipato kidogo. Kutoka 30 hadi 100 ni ngazi ya pili. Zaidi ya 100 ni ya tatu. Bei zilipopangwa upya Aprili 2023, bei ya msingi ya yuniti moja ilikuwa shilingi 12.22 ngazi ya chini, 16.30 ngazi ya pili na 20.97 ya tatu. Kabla ya hapo ngazi ya chini ilikuwa inafika yuniti 100, kwa hivyo wengi walilala maskini wakaamka wamepandishwa cheo bila barua.

Na hiyo ngazi haitazamwi kwa mwezi mmoja. Hutazamwa wastani wa miezi mitatu. Ndiyo maana mtu hununua tokeni leo akaona yuniti zimepungua ilhali mwezi huu hakuwasha kitu: anaadhibiwa kwa wageni aliowakaribisha miezi miwili nyuma. Na ukishavuka 30, si zile za juu ya 30 tu zinazopanda bei. Zote zinapanda, kuanzia ile ya kwanza. Wapo majirani zangu wanaonunua tokeni za shilingi 50, 50, wakiamini kwamba ukinunua kidogo kidogo unabaki chini. Haisaidii, kwa sababu hujumlishwa zote. Wapo pia wasionunua tarehe za mwanzo wa mwezi, wakikimbia ile ada ya kudumu ya shilingi 150. Ada hiyo iliondolewa mwaka 2018. Mimi mwenyewe niliikimbia hadi juzi juzi, kisha nikijinunulia dukani, ambapo mwenye duka huongeza shilingi 20 zake kila mara. Kwa mwezi nilinunua mara sita. Hizo ni shilingi 120 za kumkimbia adui aliyekwisha kufa. Nambari ya kulipia kwa simu ni 888880, unaweka nambari ya mita, na hakuna mtu wa katikati isipokuwa ada ya simu kama ipo.

Sasa nirudi kwenye jini.

Septemba 2024 nilimwita kijana wa mtaani kwetu aliyesomea ufundi wa stima. Nilitaka aniambie mita ni mbovu, nipate cha kwenda nacho ofisini. Hakuigusa mita. Aliniambia, "Shangazi, zima kila kitu." Nikazima taa. "Kila kitu, shangazi, na friji uichomoe." Tukachomoa friji, feni, televisheni, chaja za simu, redio ya mamangu ambayo haijawahi kuzimwa tangu enzi ya marehemu baba. Halafu akaniita tusimame mbele ya mita. Kuna kitaa chekundu pale ambacho nilikuwa nikikiona miaka yote nikidhani ni pambo. Juu ya mita yangu imeandikwa 1000: kikipepesa mara 1000, yuniti moja imekwenda. Nyumba ikiwa imezimwa yote, kitaa hakitakiwi kupepesa. Tukakitazama. Kimetulia kimya, wala hakipepesi. Nikaona aibu, nikaanza kumtafutia shilingi 200 za miguu yake.

Ikapigwa adhana ya alasiri. Muda mfupi baadaye nikasikia ile ngurumo ya darini, pampu inapandisha maji kutoka tangi la chini kwenda tangi la juu, kama inavyofanya kila siku asubuhi na jioni. Na kitaa kikaanza kupepesa.

Yule kijana akatoa simu akahesabu dakika nzima. Mara 9. Kwa saa ni mara 540, yaani nusu yuniti na ushei. Pampu ile hufanya kazi kama saa mbili kwa siku ukijumlisha asubuhi na jioni, kwa hivyo inakula yuniti moja na kitu kidogo kila siku, 32 kwa mwezi. Akapanda darini akaufuata waya. Ulikuwa umepita nyuma ya boriti, ukashuka kwa ukuta wa nje, ukaingia kwenye kisanduku changu cha swichi. Nyumba nzima ya watu tisa ilikuwa inaoga kwa tokeni zangu tangu mwisho wa Januari, siku mwenye nyumba alipoleta fundi wake kufunga lile tangi jipya. Nakumbuka siku hiyo. Nilimpelekea fundi huyo chai na mahamri.

Bwana Mhariri, hapa nataka msomaji wa Malindi ashike kalamu afuatane nami, maana hasara haikuwa pampu peke yake. Mimi natumia 28. Kwa bei niliyokuwa nikipata, kama shilingi 20 na senti 75 kwa yuniti makato yote yakiwemo, mwezi ulinigharimu shilingi 580 hivi. Pampu ilipoongeza 32, nikawa mtu wa yuniti 60, nikapandishwa ngazi ya pili, na yuniti ikawa shilingi 25 na senti 64. Mwezi ukawa 1,538. Ukitoa sehemu ya pampu, zile 28 zangu halali, zilezile taa na ileile friji, zikawa zinanigharimu 718. Yaani nililipa maji ya watu, kisha nikatozwa shilingi 138 kila mwezi kwa kosa la kuonekana tajiri.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Hapa mjini nyumba nyingi ni za kugawana. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja leo ina wapangaji wanne, na mara nyingi mita ni moja, watu wanachangishana. Familia nne, kila moja inatumia yuniti 26, zikiwa na mita zao zote nne ziko ngazi ya chini. Zikichangia mita moja zinakuwa mtu mmoja wa yuniti 104, nazo zinalipa bei ya ngazi ya tatu, sawasawa na nyumba ya kifahari yenye kiyoyozi. Hakuna aliyewaibia. Wamepangiwa foleni isiyokuwa yao. Kwa hiyo kabla hujagombana na jirani kwamba anapiga pasi sana, ulizeni kwanza kama inawezekana kila mmoja aombe mita yake. Kwa wengine fedha ya kuomba mita inarudi, ingawa si kwa siku moja.

Na hiyo 30 yenyewe, niseme wazi, ni ndogo kwa mtu wa pwani. Yuniti 30 ni yuniti moja kwa siku. Friji ndogo ikilindwa vizuri inakula karibu nusu yake. Kaskazi ikishika, Januari, Februari, Machi, mtoto hawezi kulala bila feni, na feni yangu ndogo ya kusimama ikilala naye saa sita inakula robo yuniti. Waliopanga hiyo 30 sidhani walilala Langoni mwezi wa pili.

Ule mwandiko wa "makato mengine" nao nimejifunza kuusoma, kwa msaada wa mwanangu na simu yake. Ukibonyeza *977# Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, wana huduma ya kuangalia mambo ya mita yako. Makato yenyewe ni haya. Kuna gharama ya mafuta, ambayo hupanda na kushuka kila mwezi kulingana na mafuta yaliyochomwa kwenye mitambo kama ya Kipevu na Rabai. Mvua ikikosekana na mabwawa ya Mto Tana yakashuka, mafuta huchomwa zaidi. Kuna marekebisho ya fedha za kigeni, kwa kuwa sehemu ya madeni na mikataba ya stima hulipwa kwa dola. Kuna ya mfumuko wa bei. Kuna tozo ndogo ya maji ya mabwawa na nyingine ndogo ya wadhibiti wa nishati wenyewe, EPRA, ambao ndio hutangaza viwango hivi. Kuna asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, hiyo siinung'unikii, nina dada Kiunga. Juu yake kuna VAT asilimia 16, nayo hutozwa hata juu ya ile gharama ya mafuta.

Msomaji wetu aliuliza kwa nini alipe gharama ya mafuta ilhali Langobaya, pale pale Malindi, kuna mtambo wa jua wa megawati 40. Ni swali zuri, lakini stima ya Langobaya haiendi nyumbani kwake. Inamiminwa kwenye chungu kimoja na ya mvuke wa Olkaria na ya upepo wa Turkana na ya dizeli, na sote tunapakuliwa kutoka chungu hicho hicho. Sisi wa Lamu tunaijua dizeli vyema. Kabla hatujaunganishwa na gridi ya taifa tuliishi kwa jenereta, na mwenye umri wangu anakumbuka kulala kukiwa na mlio na kuamka kukiwa na kimya.

Nilidhani pampu ikitolewa mambo yangetengenea. Hayakutengenea. Oktoba nilitumia yuniti 36. Nikazima tena kila kitu, nikasimama mbele ya kitaa kama mlinzi, hakuna. Aliyetatua hilo si fundi. Alikuwa paka. Paka wa Lamu halali pahali bila sababu, na wa kwetu alikuwa ameacha mkeka wa mamangu akahamia juu ya king'amuzi cha televisheni, ambacho mwanangu alituletea zawadi ya Idi. Siku moja nikamwondoa paka nikaweka mkono. Joto. Saa nne asubuhi, televisheni imezimwa tangu usiku, na kitu kina joto kama mkate uliotoka mofani. Nilipokuwa nikifanya jaribio nilikuwa nakichomoa na vyote. Kwa desturi yetu ya kila siku tulikuwa tunazima kwa rimoti tu. King'amuzi cha namna hiyo kinakula kama wati 12 usiku na mchana. Zidisha kwa saa 24, kisha kwa siku 30, utapata yuniti 8 na nusu. Karibu theluthi ya ile 30, kwa ajili ya kumtia paka joto. Tangu hapo mjukuu wangu ana kazi moja ya lazima kabla ya kulala baada ya kusoma dua zake: kuzima swichi ya ukutani.

Tangu katikati ya Novemba tulipofanya hivyo, niliandika 33 kwa mwezi huo, Desemba 27, Januari 28. Wastani ukashuka chini ya 30, na Februari 2025 shilingi 500 zikaniletea tena yuniti 24. Nilimpigia mwanangu simu nikamwomba radhi.

Mengine tuliyoyafanya ni ya kawaida, sitayarefusha. Taa zote ni za LED za wati 7, ila moja ya wati 9 ninayoivuta karibu na mkono ninaposhona usiku, maana tundu la kofia haliangaliwi kwa kubahatisha. Pasi ni Ijumaa asubuhi tu, nguo zote kwa pamoja. Friji niliisogeza kutoka ukutani na nikabadilisha ule mpira wa mlango. Nilijuaje umelegea, niliubana mlango na karatasi katikati, karatasi ikatoka bila kuvutwa. Na birika la umeme, nasema la kuchemshia chai, si lile birika la maji la wazee wetu lenye visamaki vya kula viluwiluwi, nalo nililipima kwa kitaa: lita moja ya maji ni sehemu moja ya kumi ya yuniti. Ukilitumia mara tatu kwa siku ni yuniti 9 kwa mwezi. Si jambazi kama lilivyosingiziwa, lakini kwa mtu anayecheza na 30, tisa ni nyingi. Chai yetu ni ya gesi. Tangu VAT ilipoondolewa kwenye gesi mwaka 2023 mtungi wa kilo 6 unabebeka, japo nisisahau ujira wa mwenye punda anayeuleta.

Novemba ile ile ya 2024 mita nyingi zilitakiwa kusasishwa, tarehe ya mwisho ilikuwa 24, ulimwengu mzima. Ukinunua tokeni unapata kwanza nambari mbili za tarakimu 20 kila moja, unazitia kwa zamu, kisha ndiyo tokeni yenyewe. Bure kabisa. Kijana mmoja mwenye kibanda aliwatoza wazee wa mtaa wetu shilingi 200 kila mmoja kwa "kufungua mita". Mamangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda bila kuniambia.

Maji nitayasema kwa ufupi. Maji ya mji huu yanatoka visimani kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na bili yetu huja moja kwa nyumba nzima. Yuniti ya maji ni lita 1,000, ambayo ni mitungi 50 ya lita 20. Mfereji ukikauka tukamwita mwenye punda kwa shilingi 20 kwa mtungi, yuniti hiyohiyo inakuwa shilingi 1,000, kwa hivyo mtu akinung'unikia bili ya maji namwomba kwanza apige hesabu ya punda. Baada ya vita vya pampu, wapangaji wote tukawa na macho. Usiku mmoja tulikubaliana hakuna kutumia maji kuanzia saa tatu hadi adhana ya alfajiri. Mita ya maji ikasogea lita 80. Mpangaji wa chini akaapa si kwake. Nikamimina kahawa nyeusi ndani ya tangi la choo chake, tukangoja bila kuvuta, na baada ya dakika chache kahawa ikaonekana inateremka kidogo kidogo kwenye bakuli. Kipande cha mpira kilichochakaa, kilibadilishwa asubuhi ile. Na kumbuka hayo maji yote yalipandishwa darini kwa pampu kabla ya kuvuja, kwa stima ya nani, mnajua.

Ninaloliomba kwa wahusika ni dogo. Ujumbe wa tokeni uje kwa Kiswahili, na badala ya kutwambia "makato mengine" utwambie mambo mawili: uko ngazi gani, na wastani wako wa miezi mitatu ni ngapi. Ningeliona hilo Februari 2024, "wastani wako umepanda kutoka 28 hadi 39", ningelipanda darini wiki hiyohiyo na ubani wa mamangu ungelibaki wa harusi.

Kwa msomaji wa Malindi: zima, chomoa, simama mbele ya kitaa. Usifanye mara moja. Simama asubuhi, simama jioni, simama saa ile jirani anapoanza kuchomelea vyuma. Mimi ningesimama dakika kumi tu siku ile nikaondoka, hadi leo ningekuwa nalaumu mita.

Ama mwenye nyumba, huyo ni mtu wa heshima zake na simtaji. Nilimwendea na daftari. Alisema hakujua, kwamba fundi alichukua waya wa karibu, na huenda ni kweli. Pampu ameihamishia mita yake siku ya pili, hilo namshukuru. Lakini yuniti 256 za miezi minane, shilingi 6,500 na kitu, alisema tutakatana kwenye kodi, pole pole. Amekata shilingi 500 mara tatu. Kisha ikaingia kusi, akasema biashara ya wageni imelala, ningoje. Zilizobaki nimeziandika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa wino mwekundu, jina lake juu na tarehe pembeni, kama baba alivyokuwa akiwaandika wa sukari.

Mshona Kofia,
Langoni, Lamu.